Mikrosekunde 13 zilizougawa mtandao: kisa kimoja cha saa za satelaiti

Alfajiri moja ya Januari 2016, minara ya mtandao mmoja wa simu ilianza kukatizana maneno. Kila kipokezi cha GPS kilichokaguliwa kilionyesha taa ya kijani. Kila antena ilijua iko wapi duniani, bila kukosea zaidi ya mita mbili. Hata hivyo wateja walikuwa wanakatika simu katikati ya sentensi.

Jina la mwendeshaji, nchi, aina ya vifaa na idadi ya minara nimeviondoa. Hitilafu ya angani iliyoanzisha haya yote imo katika kumbukumbu za umma, kwa hiyo tarehe yake nimeiacha ilivyo. Saa zote humu ni UTC, yaani wakati rasmi wa dunia, kwa mtindo wa saa 24, si saa za Kiswahili, ili msomaji wa mahali popote aweze kuzilinganisha. Mimi nilikuwa mhandisi wa usawazishaji wa wakati, yaani yule mtu ambaye hakuna anayemkumbuka mpaka mambo yaharibike.

## Usuli

Satelaiti ya GPS, ukiiondolea mapambo, ni saa ya atomi inayozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 na kutangaza inasoma saa ngapi. Kipokezi kinapima kila tangazo limechelewa kiasi gani kufika. Mawimbi husafiri sentimita 30 hivi kwa kila nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde; mikrosekunde moja ni nanosekunde 1,000), kwa hiyo ukijua ucheleweshaji unajua umbali. Satelaiti 3 zingetosha kukupa mahali kama saa ya kipokezi chako ingekuwa kamilifu. Kwa kuwa si kamilifu, ya 4 huhitajika ili kosa la saa hiyo nalo lipigiwe hesabu. Ndiyo maana kila anayepata mahali hupata na wakati, bure, kwa usahihi ambao zamani ulihitaji maabara.

Bure hiyo ndiyo iliyotuzoesha. Mitandao ya simu, matangazo ya redio ya kidijitali, gridi za umeme na masoko ya fedha vyote vimejengwa juu yake.

Mtandao wetu ulikuwa wa aina ambayo mnara na simu hutumia masafa yale yale kwa kupokezana: mnara unazungumza, kisha unanyamaza na kusikiliza, kisha unazungumza tena, mamia ya mara kwa sekunde. Mpango huo unasimama ikiwa tu minara yote jirani inazungumza na kunyamaza kwa pamoja. Mmoja akianza kuzungumza wakati jirani bado anasikiliza, jirani hasikii chochote, kwa sababu sauti ya mnara ni kubwa mno ukiilinganisha na ya simu iliyo mfukoni mwa mtu. Kati ya mwisho wa kusikiliza na mwanzo wa kuzungumza kuna pengo la mikrosekunde 20 hivi, na sehemu yake kubwa inaliwa na redio zenyewe zinapogeuka. Kinachobaki kwa makosa ya saa ni kidogo. Viwango vya 4G ya aina hii vinataka minara ya maeneo madogo isitofautiane kwa zaidi ya mikrosekunde 3, na ile ya maeneo yenye nusu kipenyo kinachozidi kilomita 3 isizidi 10.

Wakati wenyewe tuliusambaza kwa njia mbili. Sehemu kubwa ya minara ilipata wakati kupitia nyuzi za mwanga kutoka vitovu vyenye vipokezi vya GPS na saa za rubidiamu, yaani saa za atomi zinazoweza kutembea zenyewe kwa muda bila GPS. Iliyobaki, mingi ikiwa ya pembezoni, kila mmoja ulikuwa na kipokezi chake na saa ndogo ya kwatzi.

Sasa kuna jambo moja dogo ambalo bila hilo kisa hiki hakieleweki. Kipokezi cha wakati hutoa pigo moja la umeme kila sekunde, na fundi anayekifunga huchagua pigo hilo lifuate saa ipi: saa ya GPS yenyewe au UTC, wakati rasmi wa dunia. Saa hizo mbili zinatofautiana kwa sekunde nzima nzima, kwa sababu UTC huongezewa sekunde za kufidia mzunguko wa dunia na GPS haiongezewi. Mwaka 2016 tofauti ilikuwa sekunde 17. Ukiziweka sekunde nzima kando, mapigo yenyewe huangukia karibu pale pale, yakiachana kwa nanosekunde chache tu. Kipokezi kilichowekwa UTC huipata tofauti hiyo ndogo kutoka kwa satelaiti, ambayo huitangaza kama namba za masahihisho ndani ya ujumbe wake. Katika ujumbe wa zamani wa GPS, ukurasa wenye namba hizo hupita mara moja tu kila dakika 12 na nusu.

Vitovu vyetu vya kwanza vilifungwa na timu moja, wakavipanga kwa UTC. Vya baadaye vilifungwa na timu nyingine, wakavipanga kwa GPS. Hakuna aliyeandika kwa nini, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kwenye skrini pigo lilikuwa lile lile.

## Kilichotokea

Katika saa za mwanzo za tarehe 26 Januari 2016, kelele katika njia ya mawimbi yanayotoka kwenye simu kwenda kwenye minara ilianza kupanda. Haikupanda kwa ghafla wala kila mahali. Fundi wa zamu aliona minara michache, kisha mingine, kisha akaona kwamba simu zinashindwa kuhamishwa kutoka mnara mmoja kwenda mwingine. Akafanya kile ambacho mwongozo wetu ulimwambia afanye: akazima na kuwasha upya vipokezi vya minara 2 ya pembezoni. Vilirudi, taa zikawa za kijani, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Akanipigia.

"Samahani kwa kukuamsha, mkuu. Minara inapigana."

"Inapigana vipi?"

"Majirani na majirani. Mnara ukiwa peke yake porini hauna neno. Ukiwa na jirani, kelele."

Sentensi hiyo ndiyo ilikuwa uchunguzi mzima, ila sikuitambua. Akili yangu ilikimbilia mahali ambapo akili ya kila mtu wa fani hii hukimbilia: kuna mtu anavuruga mawimbi. Vifaa vidogo vya kuziba GPS vipo, ni haramu karibu kila mahali, na madereva wasiotaka magari yao yafuatiliwe huvitumia hata hivyo. Nikaomba nisomewe nguvu ya mawimbi katika vipokezi vya eneo lililoathirika. Ya kawaida. Idadi ya satelaiti? 9, 10, 11. Mahali? Antena ya kitovu haijasogea hata hatua moja.

Nikasema, na maneno hayo bado yamo katika kumbukumbu ya matukio yakiwa na jina langu pembeni: "GPS iko sawa."

Nilipofika kazini, ramani ya kelele ilikuwa ukutani. Mtu akivuruga mawimbi, wekundu hujikusanya kama doa kumzunguka. Huu ulikuwa umejipanga mistari. Mistari ilipita mahali eneo la kitovu kimoja linapokutana na eneo la kitovu kingine, mithili ya mipaka ya wilaya, na ndani ya kila eneo mambo yalikuwa shwari. Kwa maneno mengine, minara inayokula wakati kutoka chungu kimoja ilielewana. Ugomvi ulikuwa kati ya vyungu.

Katika kitovu nilichokuwamo, kimoja cha vile vya zamani, kulikuwa na kipokezi kipya ambacho hakijafungwa, bado kikiwa na mpangilio wa kiwandani: saa ya GPS. Tukakiunganisha na antena ile ile, tukapeleka pigo lake na pigo la kipokezi kinachofanya kazi kwenye osiloskopu moja, chombo kinachochora mapigo ya umeme kwenye skrini. Milia miwili iliyopaswa kulaliana ilikuwa imeachana. Nikapima: mikrosekunde 13 na ushei.

Fundi akasema labda ni waya. Waya wa antena huchelewesha mawimbi nanosekunde 5 hivi kwa kila mita, tukapiga hesabu pale pale mezani: ili kuchelewesha kiasi hicho ungehitaji waya wa kilomita 2 na nusu au zaidi, na antena ilikuwa juu ya paa, ghorofa 2 kutoka tuliposimama.

Nikabadilisha mpangilio wa kipokezi kipya kutoka GPS kwenda UTC. Hakuna kilichotokea. Tukangoja, tukitazama milia ile. Dakika 8 baadaye, bila kuguswa na mtu, mlia wa kipokezi kipya uliruka na kwenda kulalia ule mwingine.

Hapo ndipo nilipovuta kiti. Kipokezi kilikuwa kikingoja ukurasa wa masahihisho upite. Ukurasa ulipopita, kikautii. Kosa halikuwa kwenye paa letu, wala kwenye wilaya yetu. Lilikuwa linatangazwa kutoka angani, katika namba ambazo hesabu ya mahali haizigusi kabisa. Ndiyo maana kila antena ilijua ilipo huku ikidanganywa kuhusu saa kwa kiasi ambacho, kwa mwendo wa mwanga, ni karibu kilomita 4.

## Uamuzi na sababu zake

Tulikuwa na mashahidi wawili wanaopingana, na mtu wa zamu akauliza swali ambalo lilistahili kuulizwa: tunajuaje kwamba aliyekosea ni UTC na si GPS?

Jibu lilitoka mahali pa aibu. Kitovu kimoja antena yake ilikuwa imeharibika siku 2 kabla na kuingizwa katika orodha ya matengenezo. Tangu hapo saa yake ya rubidiamu ilikuwa inatembea yenyewe, bila kusikia lolote kutoka juu. Saa ya namna hiyo huteleza, lakini pole pole, mikrosekunde chache kwa siku mbili. Tukailinganisha na vitovu jirani kupitia nyuzi za mwanga. Ilikuwa karibu na vile vilivyopangwa kwa GPS na mbali na vile vya UTC. Katika mtandao mzima, shahidi pekee asiye na upande alikuwa kiziwi wetu.

Njia zilizokuwa mezani zilikuwa hizi. Ya kwanza, kungoja. Hatukujua ingekuwa saa ngapi au siku ngapi, tukaiacha. Ya pili, iliyotoka kwa wakubwa, ilikuwa kuzima minara yote iliyo kwenye mistari ya ugomvi ili iliyobaki ipumue. Niliipinga kwa sababu minara hiyo ilikuwa inabeba simu za dharura, na simu inayokatika ina nafuu kuliko simu isiyo na mnara kabisa. Ya tatu ilikuwa kuwasha upya kila kipokezi. Tayari tulishaona matokeo yake kwenye ile minara 2: kipokezi kinachoamka huwa kimesahau masahihisho ya jana, hungoja ukurasa, na kumeza kosa likiwa bichi. Mbaya zaidi, saa ya kwatzi iliyofunzwa na GPS kwa miezi kutembea sawasawa hupoteza mafunzo yake.

Tuliziacha zote tatu, tukachagua nyingine mbili kwa mchanganyiko. Vitovu vya UTC ambavyo rubidiamu yake ilikuwa bado haijavutwa mbali tulivitenga na GPS kwa lazima, vitembee vyenyewe. Kwa usahihi wa rubidiamu tulikuwa na takriban siku nzima ya kufikiri. Vile vilivyokwisha kuruka tulivibadilisha mpangilio kwenda saa ya GPS, kimoja kimoja, tukianza na kimoja cha majaribio chenye minara michache. Kubadilisha kulimaanisha kuruka tena, safari hii kurudi nyuma, na kila mruko ulikata simu zilizokuwa hewani. Tulikubali hasara hiyo kwa kuwa ilikuwa ya mara moja na tulijua inakuja saa ngapi.

Minara ya pembezoni yenye vipokezi vyake haikuwa na uamuzi mzuri. Baadhi iliweza kubadilishwa kwa mbali. Mingine ilimtaka mtu afike na kompyuta, na hiyo tuliiacha.

## Matokeo

Mistari mingi ilifutika kabla ya saa 12:00. Waendeshaji wa GPS walieleza baadaye kwamba walithibitisha tatizo saa 07:49, na kwamba lilirekebishwa saa 13:10. Chanzo, kwa maelezo yao, kilikuwa programu ya vituo vya ardhini: satelaiti kongwe kuliko zote, SVN 23, iliyorushwa mwaka 1990, ilikuwa imeondolewa katika kundi, na kuondolewa huko kukaifanya programu ipeleke masahihisho mabovu kwa satelaiti kadhaa. Usafiri haukuathirika. Ndege na meli ziliendelea na safari zake kwa sababu hesabu ya mahali ilikuwa nzima. Waliofikiwa ni watu wa saa kama sisi. Nchini Uingereza baadhi ya matangazo ya redio ya kidijitali yalivurugika.

Hatukutarajia wimbi la pili. Kosa lilipoondolewa angani, vipokezi tulivyoviacha kwenye UTC havikurudi pamoja. Kila kimoja kilirudi pale kilipousikia ukurasa sahihi, kutoka kwa satelaiti iliyokwisha kusahihishwa. Vingine viliruka, vingine vikajisogeza taratibu kwa saa kadhaa. Kwa minara ya pembezoni, kupona kulikuwa na vurugu sawasawa na kuugua. Vitovu tulivyovitenga tulivirudisha siku iliyofuata, mkono mmoja kwenye kibodi na jicho kwenye osiloskopu.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kifupi kukieleza. Saa za rubidiamu zilitununulia muda. Fundi wa zamu alieleza alichokiona badala ya kueleza alichodhani, na "majirani na majirani" yake ilikuwa na thamani kuliko grafu zangu zote. Osiloskopu, chombo ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakifahamu, ilituambia ukweli ndani ya dakika 10. Na bahati ilikuwepo: bila antena iliyokufa na bila kipokezi kisichofungwa tungeendelea kubahatisha hadi mchana.

Kilichoshindwa kinahitaji maneno zaidi.

Kwanza, kama mtandao wote ungekosea kwa pamoja, pengine hakuna mteja angegundua. Minara haihitaji kujua saa sahihi, inahitaji kukubaliana. Mikrosekunde 13 zikiongezwa kwa kila mtu ni sawa na sifuri. Kilichotuumiza ni kwamba nusu iliamini tangazo na nusu haikulisikia, na mgawanyiko huo tuliutengeneza wenyewe miaka kabla, kwa mipangilio miwili ambayo siku zote ilitoa jibu moja. Makosa ya namna hii hayaonekani kwa ukaguzi wa kawaida. Mkaguzi hupima pigo, pigo liko sawa, anatia saini.

Pili, hata kati ya vipokezi vya UTC kulikuwa na mgawanyiko. Baadhi ya aina havikuruka kabisa. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba data ile mbovu ilikuja na alama yake: wiki ya rejea iliyoandikwa ndani haikuendana na wiki ya siku ile. Kipokezi kilichosoma alama hiyo, kama maelezo rasmi ya mawimbi ya GPS yanavyotaka, kiliitupa. Kisichosoma kilimeza. Tulivinunua vyote kwa karatasi moja ya sifa, yenye mstari wa usahihi kwa nanosekunde na bila mstari hata mmoja unaouliza kifaa kitafanya nini kikidanganywa.

Tatu ni ile kauli yangu. Nilipima mahali nikatoa hukumu juu ya wakati. Kwa kuwa hesabu moja hutoa vyote viwili, nilidhani ukweli wa kimoja ni dhamana ya kingine, na nikasahau kwamba UTC huongezwa baadaye, kutoka kwenye ukurasa mwingine. Kauli hiyo ilitugharimu zaidi ya saa nzima, maana mhandisi akishasema "iko sawa" watu huacha kutazama upande huo.

## Je, teknolojia inayokuja ingetuokoa?

Tangu siku ile nimeulizwa swali hili katika kila kikao cha bajeti, kwa kawaida na mtu anayetaka jibu liwe ndiyo. Kwa hiyo nalijibu kwa kulinganisha kila ahadi na asubuhi ile.

Mifumo mingi kwa pamoja. Leo kipokezi cha kawaida husikia GPS, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, ambayo ilikamilika mwaka 2020; satelaiti zote kwa jumla zinazidi 100. Hii ingesaidia, lakini kwa sharti. Kila mfumo una siku yake mbaya. GLONASS yote ilitangaza data mbovu za njia zake kwa saa kadhaa mwanzoni mwa Aprili 2014. Galileo ilikatika kwa karibu wiki nzima mwezi Julai 2019. Kipokezi kinachochanganya mifumo yote na kutoa wastani kitachanganya na uongo pia, kikupe kosa dogo lisiloonekana badala ya kubwa linaloonekana. Ninachotaka ni kipokezi kinachoiuliza mifumo hiyo kila mmoja kivyake na kupiga kelele mmoja akijitenga. Vipo. Mara nyingi huwa vimepangwa kiwandani vifanye wastani.

Ujumbe wenye sahihi. Galileo ilitangaza rasmi huduma yake ya kuthibitisha ujumbe Julai 2025: kipokezi kinaweza kuhakikisha kwamba data imetoka kweli kwa Galileo na haikughushiwa njiani. Dhidi ya wanaoghushi mawimbi ili meli iamini iko uwanja wa ndege, hii ni hatua kubwa, na ningeitaka kesho. Kwa kisa chetu isingefua dafu. Uongo ule ulitoka kwa mwenye mali. Ungekuja na sahihi halali chini yake.

Satelaiti za chini. Kampuni na mashirika kadhaa yanarusha satelaiti za urambazaji zinazozunguka kwa urefu wa kilomita mamia badala ya 20,200. Xona ya Marekani ilirusha ya kwanza ya mfumo wake Juni 2025. Zikiwa karibu, mawimbi yake hufika na nguvu zaidi na ni vigumu kuyaziba, hata ndani ya majengo yatasikika vizuri zaidi. Swali langu kwa kila muuzaji huwa moja: saa ya satelaiti yako inasahihishwa na nani? Mara nyingi jibu ni GPS. Hapo hujapata shahidi wa pili, umepata mwangwi wa yule wa kwanza.

Ardhi yenyewe. Hili halina mvuto kwenye maonyesho lakini ndilo ningelitolea fedha zangu. Nyuzi za mwanga zenye teknolojia ya White Rabbit, iliyozaliwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kwa ajili ya vifaa vyake, zinaweza kusafirisha wakati kwa kosa lisilofika nanosekunde moja. Mawimbi ya eLoran, ya masafa ya chini na yenye nguvu kubwa, yanatoka kwenye minara ya ardhini na hayana undugu wowote na satelaiti. Uingereza na Korea Kusini wameyarudia kwa sababu hiyo hiyo. Saa za atomi nazo zinazidi kuwa ndogo, na nyingine zinatoshea kwenye bodi ya mnara.

Kuna na jambo la kalenda. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo na mizani uliamua kwamba kufikia 2035 sekunde za kufidia ziachwe kuongezwa kwa UTC kama zinavyoongezwa sasa. Wenzangu wengine wanafurahi kwamba mkanganyiko wa GPS na UTC utakwisha. Hautakwisha. Kilichotuangusha hakikuwa sekunde nzima bali yale masahihisho madogo chini yake, na hayo yataendelea kutangazwa.

Sitaki nionekane napinga maendeleo. Machi 2025 chombo kilichotua mwezini kilikuwa na kipokezi kilichoyasikia mawimbi ya GPS na Galileo kutoka huko na kupata mahali pake. Nilisoma habari ile mara tatu kwa furaha. Ila hata mwezini, kipokezi kile kinaamini kinachoambiwa na saa zile zile.

## Tulichobadilisha

Mpangilio uliunganishwa: vipokezi vyote vinavyolisha minara vinafuata saa ya GPS, na UTC huhesabiwa mahali pamoja kwa wanaoihitaji kwa kumbukumbu. Kazi hiyo ilichukua miezi kwa sababu kila kitovu kilihitaji usiku wake.

Karatasi ya sifa ya kununulia vifaa ilipata ukurasa wa pili. Muuzaji hutuletea kipokezi, nasi tunakilisha mawimbi ya uongo kwa kifaa cha maabara: masahihisho yaliyopitwa na wakati, satelaiti inayobadilisha mawazo, na kihesabu cha wiki kinachorudi sifuri. Jaribio hilo la mwisho lilitusaidia tarehe 6 Aprili 2019, kihesabu cha GPS kilipofika wiki 1024 na kuanza upya. Vipokezi 2 vya zamani vilijidhania viko miaka karibu 20 nyuma, lakini vyote viwili vilikuwa maabara, si mnarani. Kihesabu kitarudi sifuri tena Novemba 2038.

Mwongozo wa zamu sasa unakataza kuwasha upya kipokezi chochote kabla ya kulinganisha mapigo ya vitovu 2. Mstari huo aliuandika yule fundi.

Na katika kitovu kile cha zamani, kipokezi kisichofungwa hakikufungwa kamwe. Kilibaki kwenye rafu, kimeunganishwa na antena ile ile, chenyewe kikifuata GPS na mwenzake wa ukaguzi kikifuata UTC kwa makusudi, na mashine ndogo inapima tofauti yao mchana na usiku. Ikizidi nanosekunde 100 inapiga simu. Hadi sasa imepiga mara 2, na mara zote mbili yalikuwa maji yaliyoingia kwenye kiungio cha waya wa antena.